Kipimo cha Mnana

Kibiti, 6 Desemba 1935

Kwa umbu langu Tatu,

Salamu za mfungo nakutumia kwanza, kisha salamu za kawaida, kisha swali lile lile la kila siku: mu wazima? Mama anaamkaje? Na Sikudhani, bado anamwita kila mwenye kofia mjomba? Miye huku sijambo, ila swaumu hunikamata alasiri nikiwa juani na mafundi, nao hunicheka. Nimesikia shemeji na wenzake hawatatoka mikokoni kukata boriti mpaka masika yapite, kwa hiyo najua nyumba yote iko mabegani mwako. Mungu akutie nguvu.

Daraja limekwisha. Mivumo yetu, ile iliyokuwa mirefu kuliko minazi, imesimama wima ndani ya maji, ishirini na sita, na bwana wa barabara ameigonga kwa fimbo akasema mchwa hawataiweza hata baada ya miaka thelathini. Bwana Velji, tajiri wangu aliyechukua kazi ya kuleta magogo, amefurahi mpaka amenipa ruhusa ya kulala ghalani bila kuulizwa.

Sasa lile neno. Najua unanisubiri hapo hapo. Nakukumbusha kiapo ulichoniapia, mkono juu ya msahafu, kwamba mama hatajua mivumo ya ziwani imekatwa, wala hatajua aliyeleta shoka ni mwanawe. Macho yake hayaoni tena ila mwanga na kiza, na ziwani hafiki mpaka msimu wa kupima maji. Kijiji kizima kimenyamaza, maana mahindi ya Velji yaliyolipwa kwa mivumo ile kijiji kizima kiliyala. Nisingeikata, Tatu, tungekula nini? Mlikuwa mnachimba mizizi ya ndiga porini. Lakini mama aliachiwa mivumo ile na babaye, wapimaji wa kwetu wote waliilinda, na unajua alivyosema juu ya mtu atakayeigusa. Sitaki nikose radhi zake kwa maneno ya kusikia. Idi ikifika nitakuja, nitampigia magoti, nitamwambia mwenyewe.

Mpe mama mkono wangu. Mbebe Sikudhani mara tatu kwa niaba yangu.

Ni miye umbu lako,
Shaabani


Bondeni, upande wa Mkongo, 21 Januari 1936

Kwa Shaabani mwenye ahadi nyingi,

Salamu zako zilifika, mwenyewe hukufika. Siye hatujambo. Mama hajambo, magoti tu. Sikudhani alipata homa, ikamtoka kwa mwarobaini, sasa anakimbiza vifaranga vya watu. Idi imekuja na imepita. Mama alikuwekea vitumbua mpaka vikaota ukungu, akasema pengine gari limeharibika njiani. Sikumjibu. Siku hizi nimekuwa hodari wa kutojibu.

Juzi tumepima. Keti uisikie habari hii, maana siku za kupima wewe ulikuwa unakwenda kuvua kambale, hujui kitu. Tulikwenda ziwani asubuhi, mama mbele na fimbo yake, watu nyuma. Mama huwa hapimi kiota cha mnana kisicho na mayai. Anasema dume hufuma kwa kujionyesha, jike ndiye anayejua maji yatafika wapi, na jike asipoafiki kiota, dume hukibomoa akaanza upya. Basi miye natafuta kiota kilichotagwa, cha chini kuliko vyote, nauongoza mwanzi mpaka mdomoni mwake. Mama anaupapasa kutoka chini, namwambia hapa, naye anafunga ukindu pale pale. Mwanzi ule ndio unaokwenda mashambani. Sakafu ya dungu la kulindia mpunga inawekwa dhiraa moja juu ya ukindu, na mwaka ambao ukindu umepita kimo cha mtu hakuna anayejenga dungu, watu wote wanahama bonde. Ndivyo tulivyoishi na mto huu.

Ukindu umefungwa usawa wa goti lake, Shaabani. Mwaka niliozaliwa miye, anavyosimulia, waliunganisha mianzi miwili. Sasa gotini. Na sababu unaijua. Hakuna mvumo hata mmoja uliobaki, mnana wamefuma kwenye matete, na tete lina mwisho wake.

Mama akainamisha kichwa, akauliza mbona sauti zao zinatoka chini. Nikamwambia mwaka huu wamependa matete. Akasikiliza tena. Watu wote walikuwa wamesimama pale, wanayaona matete, wanajua mivumo ilikuwa wapi, na kila mmoja alimtazama mwenziwe asiseme kitu, maana kila mmoja anautaka mpunga wake. Kisha mama akacheka. Tangu mwaka jana sikumsikia akicheka. Akasema maji ya mwaka huu ni ya kuosha miguu tu, tutakaa bondeni tulinde mpunga wetu, nguruwe hatakula jasho la mtu tena.

Madungu kumi na tatu yamejengwa kwa kipimo hicho. La kwetu napanda bila ngazi. Sikudhani anapanda bila ngazi. Nalala humo na mama na mtoto, na chini ya ubavu wangu nasikia vyura kama wamo kitandani.

Njoo, Shaabani. Usiandike, njoo.

Umbu lako,
Tatu


Kibiti, 2 Februari 1936

Kwa umbu langu Tatu, mwenye ulimi wa pilipili,

Nimepokea barua yako kwa Abbasi, yule mchuuzi wa samaki wakavu mwenye baiskeli, naye amenieleza kwamba mama anaonekana ana nguvu. Nimeshukuru sana. Homa ya Sikudhani imenitia wasiwasi, muendelee na mwarobaini hata kama analia. Miye mzima, kikohozi tu cha vumbi la pamba, maana Velji sasa ameniweka nyuma ya ghala kupokea mizigo.

Umenikasirikia na una haki. Gari la Idi lilikwenda limejaa, na ukweli ni kwamba hata lingekuwa tupu sijui kama ningepanda. Nisikilize basi kidogo. Mwaka jana nilisoma karatasi ya ofisini iliyosema maji makubwa yanakuja. Nikaja mpaka hapo, nikawatoa watu bondeni kwa mdomo wangu, na mama anapiga kelele kwamba mnana wako chini na karatasi haina mabawa. Maji hayakuja. Nguruwe ndio waliokuja, na nyani, wakamaliza mpunga wa kijiji kizima. Mwaka mzima mlikula mizizi kwa ajili yangu. Leo niende tena niseme ondokeni? Nani atasimama anisikilize? Na mama, nikimwambia la mivumo juu ya lile la karatasi, ataniona mtoto gani?

Nimewaza hivi, nawe uwaze. Mnana si mjinga. Kama maji yangekuwa yanakuja, asingetaga kwenye matete, angeruka aende mbali akatafute mti mwingine. Ndege hawezi kuweka mayai mahali atakapoyazamisha. Kwa hiyo ametaga chini kwa sababu anajua maji ni madogo. Ofisini nako mwaka huu hakuna karatasi iliyosema lolote. Tulia. Hapa kwetu yupo bi kizee Ambaben, mama yake Velji, kila asubuhi anawamwagia ndege mtama uani. Anawajua mmoja mmoja, na hajasema neno la kutisha.

Nitakuja. Usimwambie kwanza.

Umbu lako,
Shaabani


Bondeni, 19 Februari 1936

Kwa Shaabani,

Hali zetu ni njema kwa nje. Mama anakula, mtoto anacheza, mpunga umesimama vizuri kuliko miaka mitatu iliyopita. Ningekuwa mtu wa kutazama mpunga tu ningekuwa naimba. Nawe vipi, kikohozi? Kunywa tangawizi.

Hoja yako ya mnana nimeisoma mara mbili. Umeandika kama wakili. Sasa nikueleze ninayoyaona, maana wewe una ghala la kutazama na miye nina bonde.

Korongo weupe wameondoka. Huwa wanakaa nasi mpaka mahindi ya kwanza yanakauka, wakifuata panzi na vyura. Mwaka huu vyura tele, panzi tele, na siku moja saa nne ya asubuhi wakapanda wote juu wakizunguka, wakazunguka mpaka wakawa vumbi, hawakurudi. Wiki ile ile mumbi saba, wale ndege wakubwa, walipita kwa miguu katikati ya mashamba, weusi, wanatikisa vichwa kama wazee wa baraza, wakapanda mlimani. Miye sijawahi kuona mumbi wakiliacha bonde kabla ya masika. Mama alisikia mngurumo wao ukisogea upande wa juu. Akauliza ni wangapi. Nikamwambia saba. Hilo sikudanganya.

Akanieleza kitu ambacho hajapata kunieleza. Anasema mfupa wa ndege ni mtupu, hewa inaingia mpaka ndani yake, kwa hiyo mvua ikiwa bado nchi za mbali huko inakotoka mito, ndege anaisikia mfupani kabla mtu hajaona wingu. Kila ndege anaisikia, ila kila mmoja ana njia yake ya kuijibu. Korongo huondoka, mumbi hupanda kilima, mnana hupandisha kiota. Nikamwuliza, na wasipopatana? Akasema tangu babaye hawajapata kutopatana, na kama ni kuchagua, yeye atamchagua mnana, kwa sababu mnana ameweka mayai yake na wenzake wameweka miguu yao tu.

Sasa sikia la jana. Mnana wanabomoa. Majike wanaingia kiotani, wanatoka, hawataki, madume wanang'oa na kufuma upya kwenye ncha kabisa ya tete, mpaka tete linainama na mayai yanamwagika majini. Wanafuma tena, yanamwagika tena. Ziwa limejaa mayai yanayoelea. Sikudhani anayaokota anamletea bibiye mkononi, na bibiye anauliza mayai haya yanatoka wapi, namwambia upepo.

Wanatafuta juu, Shaabani. Hawana juu. Wewe unasema wangeruka waende mbali. Mnana hazai kokote tu, huzaa pale alipozaliwa yeye. Nifungue kiapo changu. Naogopa msahafu na naogopa mama akunyime radhi, na naogopa maji. Niambie neno moja tu: mwambie, nami nitamwambia saa hiyo hiyo.

Tatu


Kibiti, 25 Februari 1936

Umbu langu mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Nimesoma barua yako nimesimama, sikuweza kukaa. Miye mzima wa mwili.

Nakuomba siku kumi na moja. Idi ya Kuchinja ni tarehe nne Machi, na Velji amenipa ruhusa ya kutoka tarehe saba na gari la chumvi. Nitafika, nitamwambia, na kama ni kuhama mtahama mbele ya macho yangu. Masika hayajaanza, hapa Kibiti jua linawaka na watu wanaanika mihogo. Maji hayawezi kufika kabla ya mvua.

Nakujua ulivyo, utasema natafuta kichaka cha kujificha. Labda. Lakini fikiria yeye akisikia kwako, kisha miye nije nimkute amekwisha kutamka. Neno la mama likitoka halirudi. Nina umri wa miaka thelathini na moja, sina mke, sina shamba, nina radhi zake tu. Siku kumi na moja, Tatu. Mwambie lolote jingine.

Nimempa Abbasi sukari guru ya Sikudhani. Ukikuta imemegwa ni yeye.

Umbu lako,
Shaabani


Kibiti, 15 Machi 1936

Tatu,

Sina salamu ndefu leo, Mungu anisamehe na wewe unisamehe. Natumaini mu wazima wote watatu. Tarehe saba gari la chumvi lilikwama, tarehe kumi mvua ilianza, tarehe kumi na mbili wakatoa amri kwamba magari yasishuke. Lakini nisikudanganye tena: tarehe nane ningeweza kuja kwa miguu, na sikuja.

Mwambie mama. Msomee barua hii yote kama ilivyo.

Nyuma ya ghala kuna dimbwi, na juu yake mnazi mrefu na mpera mfupi. Tangu Januari mnana walikuwa kwenye mpera, nawaona kila siku nikipokea mizigo. Wiki hii wameuhama. Wamebomoa viota vyote walivyokuwa wakikaa, wameacha makapi yananing'inia, na sasa wamo kwenye makuti ya juu kabisa ya mnazi, hawashuki hata kwa mtama. Ambaben ndiye aliyenivuta mkono nikatazame. Akaniambia kwamba kwao Kachi, Bara Hindi, wapo ndege wa miguu mirefu wanaotaga chini mwaka wa ukame, na mwaka wa mvua kubwa hutaga hata juu ya paa la nyumba. Nikamweleza habari ya ziwa letu, kwamba mnana wa kwetu wamebaki chini. Akaniuliza kama huko kuna miti mirefu. Nikamwambia ilikuwapo.

Kisha akasema, "Sasa ndege apande wapi?"

Mama, najua unasikia. Mivumo niliikata miye, mwezi wa Agosti, ulipokuwa unaumwa magoti juu kijijini. Yote. Nilileta mashoka na gari la Velji, nikawapa watu mahindi wakanisaidia kubeba. Kipimo ulichofunga mwaka huu si cha mnana, ni cha matete. Tatu nilimfunga kwa kiapo, kosa ni langu. Ukinitoa katika radhi zako nitapokea, lakini toka bondeni kwanza, kisha unilaani ukiwa juu ya kilima.

Tatu, nimekufungua. Nimekufungua mbele ya Mungu. Kafara ya kiapo nitaifunga miye.

Abbasi anasema atajaribu kufika.

Shaabani


Kibiti, 24 Machi 1936

Tatu,

Naandika sijui nani atachukua. Abbasi hajarudi. Mu wazima? Sijawahi kuliuliza swali hili huku nikiogopa jibu.

Tarehe kumi na tisa niliondoka kwa miguu. Nilifika mpaka darajani siku ya pili mchana. Daraja limesimama imara, mivumo yetu haijatikisika hata kidogo. Barabara ndiyo haipo. Mbele ya daraja ni maji, nyuma yake ni maji, na lenyewe liko katikati halina pa kwenda. Nilijaribu kuogelea, mkondo ukanirudisha ukanitupa kwenye miiba. Watu wa pale walinikamata wakanikalisha chini wakaniuliza nina wazimu gani. Nikawaambia mama yangu yuko bondeni. Wakaniuliza si alipima? Huku nako wanajua, Tatu. Huku nako wamejenga kwa kipimo chake, ila wao wako juu kidogo, wamepoteza kuku tu na mbegu.

Walinirudisha mpaka Kibiti wakinishika mikono. Kila asubuhi nasimama barabarani natazama kusini. Mtu yeyote akitokea huko namkimbilia. Hakuna anayetoka Mkongo.

Kama mlitoka, nitumie hata jani la mti lililofungwa fundo.

Shaabani


Juu, kijijini, 11 Aprili 1936

Kwa umbu langu Shaabani,

Salamu zikufikie na zikukute umekaa. Miye ni mzima. Sikudhani ni mzima, anakula, usiku halali vizuri. Nilikuwa sina karatasi, hii amenipa mwalimu wa chuo cha Kurani.

Barua yako ya tarehe kumi na tano ilifika tarehe ishirini na moja, mchana. Abbasi aliacha baiskeli Mkongo akatembea, akamkabidhi jirani yetu Kondo penye mwisho wa nchi kavu, na Kondo akanipa alipopita na mtumbwi. Yeye Abbasi yupo, usimtafute, alikwama huku kwetu. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia mashambani tangu juzi yake, yamefika magotini. Watu walikuwa wanaimba, wanasema ndiyo yale ya kuosha miguu. Mama alikuwa amekaa dunguni anapepeta, na Sikudhani yuko kando yake.

Nikamsomea yote, sikuruka neno.

Hakulia na hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja, kama ni yote kweli. Nikamwambia yote, hakuna uliobaki. Aliweka ungo, akakaa ukingoni mwa sakafu, akashusha mguu majini akauacha humo kwa muda. Akasema maji haya yana mikondo miwili, ule wa pili ni wa baridi, umetoka mbali, na alasiri utakuwa hapa. Akaniambia nichukue mtumbwi, nimchukue mtoto, nizunguke madungu yote kumi na mawili niseme kwa jina lake, Mwanahawa amesema kipimo chake ni kibovu, watoke sasa hivi, waache kila kitu.

Unaujua mtumbwi wetu. Unabeba mtu mmoja na mtoto, wa tatu akiingia unakunywa maji. Nilimwambia nitampeleka yeye kwanza. Akakataa. Akasema nyumba kumi na mbili zimelala juu ya neno lake, hawezi kutangulia yeye halafu wao wakafuata, nitamrudia mwisho. Nilimwambia basi niwaite watu kwa sauti kutoka hapa. Akasema hawatatoka kwa sauti yangu, hata kwa yake hawatatoka bila kuulizana, kwa hiyo nisipoteze muda.

Nikampakia Sikudhani. Kisha nikarudi ukingoni mwa dungu, nikashika miguu yake, nikamwomba radhi. Niliomba zako na zangu.

Alisema, "Shaabani radhi zangu anazo. Alikata kwa njaa yetu, na alikuwa mbali. Wewe ulinishika mkono."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea. Aliniambia niangalie mtoto asiinamie maji.

Nilizunguka. Wengine walitoka mara moja, wengine walibishana, kama alivyosema. Mzee mmoja alinifukuza, akasema huu ni mdomo wa Shaabani wa mwaka jana umerudi. Ilinibidi nimsomee barua yako papo hapo, kwa sauti, ndipo akashuka. Kwa mwenzake nikasoma tena. Nimeisoma mara tano, Shaabani, mbele ya watu walioibeba mivumo ile mabegani, na hakuna aliyeniangalia usoni. Nilipomfikisha Sikudhani kilimani kwa mke wa Kondo alasiri ilikuwa imeingia, na maji yalikuwa yanakwenda mbio, yamebeba mapaa na miti mizima. Kondo alinichukua kwa mtumbwi wake mkubwa tukarudi. Hatukuliona dungu. Hatukuweza hata kujua lilikuwa wapi, kwa sababu palikuwa hapana alama ya kutazamia, ni maji tu kutoka kilima mpaka kilima.

Tumetafuta siku tisa. Hatukumpata. Watu wa madungu kumi na mawili wote wapo hai, mpaka vitoto vya mgongoni. Wanakuja kunipa pole na kunishika mkono, wananiambia nimewaokoa. Nimewaambia wanaume na wanawake, niliuongoza mwanzi ule kwa mkono wangu nikijua. Nao wananijibu kwamba wote walijua. Ni kweli. Lakini wao hawakuwa wamemshika.

Nimekaa siku nyingi nikifikiri nikuandikie vipi. Ningeweza kukuambia ametusamehe sote wawili, ukalala. Ningeweza kukuambia ametunyima sote wawili, nikapata mwenzangu. Wala usingejua, maana tulikuwa sisi wawili tu na mtoto. Nimechoka kuficha. Miezi saba nilificha kwa ajili yako, na nilificha kwa mapenzi, nawe ndiye mwenye radhi. Sikuchukii. Nasema tu kama lilivyo.

Hitima haijasomwa. Mwalimu anasema kwa kuwa hatukupata mwili wa kuzika, watu wangoje mtoto wa marehemu akae mbele waanze. Wamenitandikia mkeka mara mbili, nimeinuka. Siwezi kukaa pale. Wewe unaweza.

Barabara ikikauka njoo. Usijibu barua hii, njoo ukae mbele umsomee mama.

Umbu lako,
Tatu